Andika mpango wa data kabla ya kumhoji mtu wa kwanza

Kazi yangu ni kusoma mipango ya usimamizi wa data, yaani maandiko yanayoeleza data za utafiti zitakusanywaje, zitatunzwaje na zitaishia wapi: ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, ya wahadhiri waliopata ruzuku, ya timu zenye watafiti kutoka vyuo kadhaa. Mingi hufunguka kwa sentensi ileile, kwamba data zitahifadhiwa kwenye kompyuta yenye nenosiri. Zinafuata aya mbili kuhusu diski na nakala, basi, mpango umekwisha. Mimi kabla sijaugusa humwomba mtafiti anitumie fomu yake ya ridhaa. Humo ndimo mpango wa kweli ulimo, hata kama aliyeiandika hakujua kwamba anaandika mpango.

Ukishamwambia mshiriki jambo, umejifunga. Nani atasikiliza sauti yake, itakaa muda gani, kama watafiti wengine wataweza kuitumia baadaye: yote hayo yanaamuliwa siku fomu inapopitishwa na kamati ya maadili. Diski unaweza kuibadilisha wakati wowote. Ahadi uliyowapa watu mia mbili huwezi kuibadilisha bila kuwatafuta tena mmoja mmoja. Kwa hiyo anza na fomu, kisha ndipo uje kwenye kompyuta.

Sentensi mbili za kuchunguza kwenye fomu

Ya kwanza ni "Taarifa zako zitaonwa na mtafiti peke yake." Nia yake ni njema kabisa. Lakini anayegeuza sauti kuwa maandishi ni msaidizi, msimamizi wako ataomba kusoma mahojiano machache, na mtaalamu wa takwimu atapokea jedwali zima. Uchambuzi haujaiva na sentensi hiyo imeshavunjwa mara tatu.

Ya pili ni "Data zote zitateketezwa mara utafiti utakapokamilika." Halafu makala inakubaliwa, mhariri wa jarida anataka data ziwekwe mahali zinapoweza kukaguliwa, na mtafiti hana la kumjibu. Tena hakuna anayejua utafiti unakamilika lini hasa. Ni siku ya kutetea tasnifu? Siku makala ya mwisho inapotoka? Siku ruzuku inapofungwa?

Mimi hupendekeza maneno ya namna hii, nawe uyarekebishe kulingana na mradi wako:

"Sauti yako itasikilizwa na timu ya utafiti na mtu anayeandika mahojiano, ambaye amesaini kutunza siri. Sauti na orodha ya majina vitafutwa baada ya maandishi kuhakikiwa, na haitapita tarehe 30 Juni 2027. Maandishi yataondolewa majina na mambo yanayoweza kukutambulisha, kisha yatatunzwa kwa miaka 10. Ukikubali, yatawekwa kwenye hazina ya data ambako watafiti wengine wanaweza kuyaomba kwa masharti. Unaweza kukataa hili la mwisho na bado ukashiriki. Ukitaka kujitoa, tujulishe kabla ya mwisho wa Mei 2027. Orodha ya majina ikishafutwa hatutajua tena maandishi yako ni yapi."

Angalia kwamba kila tarehe imeandikwa na kila atakayegusa data ametajwa. Ridhaa ya kushiriki imetengwa na ridhaa ya kuhifadhi kwa matumizi ya baadaye, kwa hiyo weka visanduku viwili vya kutia alama, wala usiviunganishe. Na ile sentensi ya kujitoa ni ya heshima kwa mshiriki: inamwambia ukweli kwamba kuna siku mlango utafungwa, na siku hiyo ni ipi.

Sheria nazo zina sauti hapa. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya ulinzi wa data ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Zinatofautiana katika mengi, lakini zinakubaliana kwamba ukusanye kile tu unachokihitaji, kwa lengo ulilolitaja, na usimtunze mtu kwa jina lake muda mrefu kuliko lengo linavyodai. Mradi ukivuka mpaka, uliza mapema kama data zinaruhusiwa kutoka nchini na kwa kibali gani. Hilo la kukusanya unachokihitaji tu ndilo ninalolipigania kuliko yote, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa ambayo hukuiuliza haiwezi kuvuja kamwe. Kama uchambuzi wako unatumia makundi ya umri, uliza kundi la umri.

Orodhesha kila utakachozalisha

Chora jedwali. Kila aina ya data iwe na mstari wake: sauti, maandishi ya mahojiano, dodoso, picha, vipimo vya maabara, programu za uchambuzi, fomu za ridhaa zenyewe. Pembeni andika aina ya faili, ukubwa, nani anaikusanya, na madhara gani yatampata mshiriki ikivuja. Safu hiyo ya mwisho ndiyo inayokuonyesha wapi utumie nguvu zako.

Ukubwa usiukisie, upige hesabu. Saa moja ya sauti isiyobanwa, kwa ubora wa kawaida wa CD, ni megabaiti 635 hivi. Mahojiano 40 ya saa moja moja yanakaribia gigabaiti 25, na kwa kuwa utatunza nakala tatu, ni 75. Ukirekodi kwa mono, yaani mkondo mmoja wa sauti badala ya miwili, unapunguza nusu, na kwa mahojiano ya mtu mmoja hupotezi kitu cha maana. Ukijua namba hizo mapema utaweza kuomba nafasi kwenye seva ya chuo kabla kifaa hakijakujazia uwandani.

Mstari ambao husahaulika karibu kila mara ni orodha inayounganisha majina na namba za washiriki. Ipe mstari wake peke yake. Isikae folda moja na mahojiano, isikae hata kwenye akaunti moja nayo, na wenye ruhusa ya kuifungua watajwe kwa majina. Mtu akiiba mahojiano bila orodha hiyo, atapata maneno ya M07, namba tu ya mshiriki. Akivipata vyote viwili, amempata mtu.

Kuondoa jina hakutoshi

Katikati ya miaka ya 1990, jimbo la Massachusetts nchini Marekani lilitoa kumbukumbu za hospitali za watumishi wake kwa ajili ya utafiti, majina na anwani vikiwa vimeondolewa. Latanya Sweeney, wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, alichukua daftari la wapiga kura la mji wa Cambridge na kulilinganisha na kumbukumbu hizo. Tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta zilitosha kumfikisha kwenye kumbukumbu za gavana mwenyewe, William Weld. Hakuvunja mfumo wowote. Aliunganisha majedwali mawili tu.

Kwenye mahojiano hatari hiyo imejificha zaidi, maana haikai kwenye safu unayoweza kuifuta. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu aliniletea maandishi ya wauguzi aliyoyasafisha kwa bidii: majina yameondoka, hospitali zimeondoka, miji imeondoka. Ukurasa wa tatu wa hojiano moja muuguzi anasema, "mimi na pacha wangu tuliajiriwa hapa siku moja." Yeyote aliyewahi kufanya kazi katika hospitali hiyo angemjua papo hapo. Tukabadilisha ikawa "mimi na [ndugu wa karibu] tuliajiriwa [kipindi kimoja]", na badiliko likaingizwa kwenye daftari la mabadiliko: ukurasa, kilichoondolewa ni cha aina gani, kilichowekwa, sababu. Daftari hilo ni muhimu, kwani msomaji wa baadaye lazima ajue mabano ni yako na si maneno ya mshiriki.

Kutafuta neno na kulibadilisha kwa kompyuta kunasaidia kwa majina, ila hakuwezi kugundua pacha. Inabidi mtu asome. Soma ukijiuliza: jirani yake, mkuu wake wa kazi au mume wake akiyaona haya, atamtambua? Cheo cha pekee, ugonjwa adimu, tukio lililotangazwa kwenye habari, na umri mkubwa ndani ya kundi la vijana vyote vinatambulisha. Kwenye majedwali, hesabu ni watu wangapi wanaofanana kwa umri, jinsia na eneo. Kundi likibaki na mtu mmoja au wawili, panua makundi.

Usisahau na mafaili yenyewe. Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Hati ya Word hubeba jina la mwandishi na masahihisho ya zamani, pamoja na lile jina ulilolifuta.

Nakala, na jaribio la kuzirudisha

Kanuni inayofahamika ni ya 3-2-1: nakala tatu, katika aina mbili za vifaa, moja iwe mbali na nyingine. Kwa mradi mdogo inatosha kuwa na seva ya chuo, diski ya nje iliyosimbwa (isiyosomeka bila nenosiri), na hifadhi ya mtandaoni ambayo chuo kimeikubali. Lakini kuna mambo mawili ambayo kanuni hiyo haiyasemi.

Kwanza, folda inayojisawazisha kati ya kompyuta na mtandao isihesabiwe kama nakala rudufu. Ukifuta faili hapa, linafutwa na kule. Likiharibika hapa, kule linakwenda lile lililoharibika. Nakala rudufu ni ile inayobaki na hali ya jana hata kama leo umekosea.

Pili, nakala ambayo haijawahi kujaribiwa si ya kuitegemea. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza data za utafiti za takriban terabaiti 77, mafaili milioni 34 hivi, kutoka kwenye hifadhi ya kompyuta yake kuu. Kilichozifuta kilikuwa ni programu ya kutunza nakala yenyewe, iliyokuwa na hitilafu baada ya kurekebishwa. Chuo chenye mitambo ya namna hiyo kikipatwa na hilo, mradi wa mtu mmoja na kompyuta mpakato yake lazima uwe na utaratibu. Andika kwenye mpango kwamba kila robo mwaka mtu fulani, kwa jina, atachukua mafaili kadhaa kutoka nakala ya mbali, atayafungua, na kulinganisha alama zake za uhakiki na zile za awali. Alama hizo, kwa mfano SHA-256, hutolewa na programu za bure, na herufi moja tu ikibadilika ndani ya faili alama nzima hubadilika.

Uwandani: simba kifaa kabla ya kuondoka, pakia kila siku palipo na mtandao, na usifute kwenye kinasa sauti mpaka umehakiki kilichofika. Nenosiri la usimbaji likipotea data zimepotea, kwa hiyo liwe na watu wawili.

Majina ya mafaili na mambo ya lahajedwali

Jina la faili liseme lenyewe. "Mahojiano_mapya_MWISHO2_sahihi.docx" halimwambii mtu kitu, hata mwenyewe baada ya likizo. Andika "2026-03-14_mahojiano_M07_maandishi_v02.txt": tarehe ikianza na mwaka mafaili hujipanga yenyewe kwa mfuatano, namba ya mshiriki inaonekana, toleo linaonekana. Utaratibu wowote mtakaoukubali unafaa, mradi uandikwe ukurasa mmoja na kila msaidizi aupate siku ya kwanza.

Data ghafi ziwe kwenye folda ya kusoma tu. Hakuna anayezisahihisha humo, hata kosa la wazi la tahajia. Usafishaji ufanyike kwenye nakala, na ikiwezekana kwa programu iliyoandikwa, ili hatua zote ziweze kurudiwa na mtu mwingine.

Excel ni chombo kizuri na karibu wote tunakitumia, ila kina tabia ya kubadilisha unachoandika bila kukuuliza. Jeni zilizoitwa SEPT1 na MARCH1 ziligeuzwa kuwa tarehe kwenye majedwali ya watafiti kwa miaka mingi, hadi mwaka 2020 kamati inayoidhinisha majina ya jeni za binadamu ikaamua kubadilisha majina yenyewe. Sasa ni SEPTIN1 na MARCHF1. Mwaka huohuo nchini Uingereza visa karibu 16,000 vya korona vilichelewa kuingia kwenye ripoti kwa sababu taarifa zilipitishwa kwenye aina ya zamani ya faili la Excel, ambayo haibebi zaidi ya mistari 65,536. Basi hifadhi nakala ya kudumu kwa CSV, yaani faili la maandishi matupu lenye safu zilizotengwa kwa alama ya mkato, kwa UTF-8, mfumo wa kuandika herufi za lugha zote, na kila mara linganisha idadi ya mistari iliyoingia na iliyotoka.

Kila safu ya jedwali iwe na maelezo kwenye kamusi ya data. Mstari mmoja unatosha: "umri: umri wa mshiriki kwa miaka kamili siku ya dodoso; 18 hadi 75; 99 = hakujibu." Bila hiyo 99 kuelezwa, mtu atakayelitumia jedwali baadaye atapata wastani wa umri uliopanda kwa sababu ya watu waliokaa kimya. Ni afadhali zaidi nafasi hiyo uiache tupu na kuweka safu nyingine ya sababu. Pamoja na kamusi weka faili la maelezo ya mradi, kwa desturi huitwa README, likisema nani alikusanya, wapi, lini, kwa chombo gani, na nini kilikwenda tofauti na ilivyopangwa.

Mradi ukifungwa, data zinakwenda wapi

"Zitapatikana kwa kumwandikia mwandishi" ni jibu ninalolikataa. Mwaka 2014 ulichapishwa uchunguzi uliofuatilia data za makala 516 za mimea na wanyama, zenye umri wa miaka 2 hadi 22. Kadiri makala ilivyokuwa ya zamani ndivyo data zilivyokuwa adimu, kwa sababu ambazo zote tunazijua: anwani za barua pepe zilizokufa, na data zilizobaki kwenye vifaa visivyosomeka tena. Mwandishi anaweza kuwa tayari kusaidia, lakini utayari haufungui diski ya mwaka 1995.

Chagua hazina ya data, na uitaje kwenye mpango kwa jina. Kama fani yenu ina hazina yake, anza hapo, kwani wenzako ndiko wanakotafuta. Orodha ya mtandaoni ya hazina za data, re3data, itakusaidia kuipata. Kama haina, kuna za jumla kama Zenodo, inayoendeshwa tangu 2013 na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, Dryad, na Dataverse. Unachotafuta ni kitambulisho cha kudumu, yaani DOI, ambacho makala yako itakinukuu na ambacho hakifi tovuti ikibadilishwa. Weka leseni pia. CC BY 4.0 inaruhusu matumizi ya aina yoyote mradi utajwe. CC0 haidai hata kutajwa. Data zisizo na leseni humwacha msomaji mwangalifu akizitazama tu.

Watafiti wengi wanaogopa hatua hii wakidhani kwamba kuhifadhi ni kuanika. Sivyo. Kanuni za FAIR, zilizochapishwa mwaka 2016, zinataka data zipatikane, zifikike, ziweze kuungana na nyingine na zitumike tena, lakini kufikika kunaweza kuwa na masharti. Unaweza kuweka maelezo wazi kwa dunia nzima, huku mahojiano yenyewe yakitolewa kwa anayeleta kibali cha kamati ya maadili na kusaini makubaliano. Na kama data zako zinahusu jamii yenye maarifa yake, ardhi yake, dawa zake, soma pia kanuni za CARE za mwaka 2019, ambazo zinauliza jamii hiyo inanufaikaje na ina mamlaka gani juu ya kinachofanywa na taarifa zake. Swali hilo liulizwe wakati wa kupanga, na wanajamii wakiwa mezani. Ukilileta baada ya uchambuzi, umebaki kuwaarifu tu.

Nani, lini, kwa fedha gani

Wafadhili wana violezo vyao, vifuate. Shirika la sayansi la Marekani, NSF, lilianza kudai mpango wa data usiozidi kurasa mbili mwaka 2011. Taasisi ya afya ya huko, NIH, ilianza kutumia sera yake mpya ya kusimamia na kushirikisha data tarehe 25 Januari 2023. Miradi ya Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, huwasilisha mpango ndani ya miezi sita ya mwanzo na kuusasisha. Hata kama hakuna anayekudai, kurasa mbili zinatosha kwa tasnifu.

Kwenye bajeti tenga fedha na muda wa kuandika mahojiano, kuyasoma kwa ajili ya kuondoa utambulisho, na kuandaa data za kuhifadhiwa. Kazi hizi zikikosa mstari wake, mwisho wa mradi hufanywa usiku na mtu aliyechoka, na hapo ndipo jina la mshiriki hupenya.

Majukumu yaandikwe kwa majina ya watu. "Timu itahakikisha" maana yake hakuna atakayehakikisha. Andika na nani atashika nafasi mwanafunzi akihitimu au msaidizi akipata kazi kwingine, na siku anapoondoka ruhusa zake zifungwe kwenye seva, kwenye fomu za mtandaoni na kwenye folda mlizoshirikiana.

Tarehe ya kufuta iingie kwenye kalenda ya watu wawili. Siku hiyo ikifika, futeni sauti na orodha ya majina kwenye seva, kwenye diski ya nje, kwenye kinasa sauti na kadi yake, kwenye kompyuta ya aliyeandika mahojiano, kwenye barua pepe alizotumiwa, na kwenye pipa la taka la hifadhi ya mtandaoni, ambalo mara nyingi hushikilia mafaili kwa wiki kadhaa zaidi. Kisha jazeni karatasi moja yenye tarehe, jina la aliyefuta na jina la shahidi, na kuiweka kwenye folda ya mradi pamoja na barua ya kamati ya maadili.